Sanamu ya Kirumi Katika Uwanja Mtupu: Namna ya Kuchora Picha ya Kimetafizikia

Mwaka 1913, mchoraji Mwitalia Giorgio de Chirico akiwa Paris alichora kiwiliwili cha mwanamke wa marumaru. Hakina kichwa wala mikono, kimejipinda kiunoni, na mbele yake kuna mkungu wa ndizi. Pembeni ni baraza ndefu ya matao, na mbali kabisa treni inapita. Picha hiyo inaitwa Mashaka ya Mshairi na iko makumbusho ya Tate, London. Humo hamna joka, wala mtu anayeruka angani, wala saa inayoyeyuka (hiyo ni ya mchoraji Dalí, ya 1931, na ni habari nyingine kabisa). Kila kilichomo kinapatikana duniani. Hata hivyo, ukiitazama kwa utulivu unajikuta kama mgeni aliyeingia nyumba ya watu, akakuta chakula kimepakuliwa mezani na wenyewe hawapo.

Mwongozo huu unakufundisha kutengeneza picha ya aina hiyo, iitwayo ya kimetafizikia, kwa mkono wako: sanamu moja ya Kirumi ndani ya uwanja wa Kiitalia usio na watu. Huhitaji kuwa fundi mkubwa. Ukiweza kutumia rula vizuri na kupaka rangi bila kuvuka mstari, umeshapata nusu ya kazi.

Kuna jambo moja la kulishika tangu mwanzo, maana wengi wanaharibikia hapo. Picha hizi hazitishi kwa sababu ya maajabu. Zinatisha kwa sababu ya usahihi. Sanamu imechorwa kavu, wazi, kila mstari mahali pake, kisha mchoraji akapanda makosa mawili matatu kwa makusudi na kunyamaza. Ukiongeza ukungu, mawingu ya zambarau na nyota, unapata jalada la kitabu cha hadithi za majini. Programu za kompyuta za kuzalisha picha zina ugonjwa huohuo: ukiziagiza ndoto, zinakuletea moshi. Ndoto ya De Chirico haina moshi. Hewa yake ni safi mno, na hapo ndipo wasiwasi unapoanzia.

Kwa kifupi, asili yake

De Chirico alizaliwa Volos, Ugiriki, mwaka 1888, kwa wazazi Waitalia. Baba yake, Evaristo, alikuwa mhandisi wa reli, ndiyo maana treni hazikosekani kwenye picha zake. Alisoma sanaa Athens, kisha Munich. Mwaka 1910 hivi, akiwa Florence na ametoka kuugua tumbo kwa muda mrefu, aliketi kwenye benchi katika uwanja wa Santa Croce. Jua la vuli lilikuwa likiipiga sanamu ya mshairi Dante na ukuta wa kanisa. Anasimulia kwamba alihisi anaviona vitu vyote kwa mara ya kwanza. Picha aliyoichora baada ya hapo ndiyo mwanzo wa uchoraji tunaouita wa kimetafizikia. Jina lenyewe lilikuja kushika baadaye, huko Ferrara, alikopelekwa jeshini mwaka 1915 na kukutana na mchoraji Carlo Carrà mwaka 1917 katika hospitali ya kijeshi.

Vifaa

Ubao wa hadibodi wa sentimita 50 kwa 60, uliopakwa tabaka mbili za jeso (rangi nyeupe ya kuandalia ubao) au emulshani nyeupe ya ukutani na kusuguliwa kwa msasa laini. Rangi za akriliki sita: nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu ya tofali, kahawia nzito, bluu nzito na kijani. Usinunue nyeusi. Brashi bapa mbili na moja nyembamba ya mistari, rula ndefu, penseli ngumu, tepu ya karatasi. Uzi mrefu na pini utakuja kuvishukuru.

Kanvasi nayo inafaa, lakini hadibodi ni tambarare na haichezi chini ya rula. Kwa kazi hii yenye mistari mingi, mimi naiona bora kuliko kanvasi.

Hatua ya 1: Chagua sanamu, na uisome vizuri

Hapa tumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Sanamu ndiyo mhusika pekee wa picha yako.

Sanamu ambayo De Chirico aliirudia mno ni ya Ariadne aliyelala, ambayo iko Makumbusho ya Vatikani. Ni nakala ya Kirumi ya kazi ya Kigiriki. Papa Julius II aliinunua mwaka 1512, na kwa muda mrefu watu waliamini ni Cleopatra kwa sababu ya bangili ya nyoka mkononi. Ariadne ni yule binti wa hadithi za Kigiriki aliyemwokoa shujaa Theseus, kisha Theseus akamwacha usingizini kisiwani Naxos na kung'oa nanga. De Chirico alimchora tena na tena kati ya 1912 na 1913, mara hivi mara vile, daima kwenye uwanja mtupu. Kwa anayeanza, Ariadne ni mgumu: mikunjo ya nguo ni mingi na mkono uliopita juu ya kichwa unasumbua.

Kilicho rahisi zaidi ni kiwiliwili. Hakina uso wa kukosea, na mabega yaliyokatika yana nguvu yake yenyewe. Chaguo langu la pili ni vipande vya sanamu kubwa mno ya Kaisari Konstantino, vilivyogunduliwa Roma mwaka 1486 na sasa vimewekwa kwenye ua wa Palazzo dei Conservatori: kichwa, nyayo, na mkono ulionyoosha kidole juu. Mkono ule peke yake unatosha picha nzima.

Ukichagua kichwa, tazama macho kabla ya kitu kingine. Hadi karibu na wakati wa Kaisari Hadrian, aliyetawala kuanzia 117 hadi 138, wachongaji wa Kirumi kwa kawaida waliliacha jicho la marumaru laini na kumwachia mpakaji rangi achore mboni. Rangi ilipotoka, lilibaki jicho tupu. Kuanzia zama hizo wachongaji wakaanza kuchimba mboni kwa patasi na keekee. Kwa hiyo unachagua kati ya hali mbili: jicho tupu lisilomwona mtu, kama la Apollo wa Belvedere (sanamu ya mungu Apollo iliyoko Vatikani), au jicho lililochongwa linalotazama mahali fulani, kama la Konstantino linaloelekea juu. Usichanganye. Nimeona kazi nyingi nzuri zikiharibiwa na mboni mbili zilizochorwa kwenye uso wa Apollo.

Kitu kingine cha kutofuta ni kisiki. Sanamu nyingi za marumaru za Kirumi zimenakili kazi za Kigiriki za shaba. Shaba inaweza kusimama kwenye miguu miwili myembamba, marumaru haiwezi, itavunjika kwenye vifundo. Ndiyo maana fundi wa Kirumi aliongeza kisiki cha mti kando ya mguu, na wakati mwingine kijiti cha jiwe kati ya mkono na paja. Apollo wa Belvedere ana kisiki chake na nyoka anapanda juu yake. Mwanafunzi akichora huwa anakifuta akidhani ni uchafu. Kiache. Ni ajabu ya bure uliyopewa.

Picha za kuangalizia zipo nyingi. Tangu Februari 2017, Metropolitan Museum ya New York inaruhusu picha za kazi zake zilizo nje ya hakimiliki zitumiwe bure, na ina marumaru ya Kirumi ya kutosha. Tafuta picha iliyopigwa mwanga ukitoka upande mmoja. Kisha chora sanamu yako mara kadhaa kwa penseli kwenye karatasi ya kawaida, mpaka uweze kuichora bila kukodolea picha kila dakika.

Hatua ya 2: Ishushe chini

De Chirico alilipenda wazo la mwanafalsafa Schopenhauer kwamba sanamu isipandishwe juu ya nguzo ndefu, iwekwe kwenye kitako kifupi kana kwamba inatembea na wapita njia. Lifuate. Kitako cha sanamu yako kisizidi sentimita 4 kwenye ubao huu. Ikiwa juu sana inakuwa mnara wa kumbukumbu, na hakuna anayeuogopa mnara.

Hatua ya 3: Chora uwanja wenye nukta tatu zinazogombana

Katika uchoraji wa kawaida wa mtazamo, mistari yote inayoenda mbali sambamba hukutana kwenye nukta moja, na nukta hiyo hukaa kwenye mstari wa upeo wa macho. Ndivyo walivyofundisha Waitalia wa karne ya 15. De Chirico alizijua kanuni hizo barabara, na kwa sababu hiyo alijua pa kuzivunja. Kila jengo analipatia nukta yake.

Chora mstari wa upeo sentimita 24 kutoka chini ya ubao. Weka nukta A juu ya mstari huo, sentimita 40 kutoka ukingo wa kushoto. Weka nukta B katikati ya upana wa ubao lakini sentimita 20 juu ya upeo. Weka nukta C sentimita 20 kutoka ukingo wa kushoto, lakini 10 chini ya upeo. Choma pini kwenye nukta, funga uzi, uuvute kila unapotaka mstari. Ni haraka kuliko rula.

Baraza ya kushoto ifuate A. Kitako cha sanamu kifuate B, nacho kitaonekana kama meza iliyoinuliwa kidogo miguu ya nyuma. Ukuta wa kulia, ambao utakuwa gizani na kukatwa na ukingo wa picha, ufuate C. Mtazamaji hatajua kosa liko wapi. Atajua tu kwamba akiingia humo hatatembea sawasawa.

Matao yanahitaji uangalifu, maana nafasi kati ya nguzo lazima zipungue kwa uwiano kadiri zinavyokwenda mbali. Usikadirie kwa jicho. Chora nguzo ya kwanza na ya pili. Tafuta katikati ya nguzo ya pili. Kutoka kwenye kichwa cha nguzo ya kwanza, vuta mstari upite kwenye hiyo katikati mpaka uguse mstari wa chini wa jengo: hapo ndipo penye mguu wa nguzo ya tatu. Kutoka ya pili kupitia katikati ya tatu unapata ya nne, na kuendelea. Matao matano au sita yanatosha. Usiweke milango, madirisha yasizidi mawili, na ndani ya matao kusionekane chochote.

Ukitaka kuona baraza kama hizi zikiwa majengo kweli, tafuta picha za Palazzo della Civiltà Italiana katika mtaa wa EUR, Roma. Ujenzi wake ulianza 1938, na kila upande una safu sita za matao tisa tisa. Utadhani mhandisi alipewa picha ya De Chirico badala ya ramani. Lakini lile lilijengwa na utawala wa Mussolini kwa kujisifu, na matao yake yanasema kwa sauti. Ya kwenye picha yako yasiseme kitu.

Hatua ya 4: Vivuli

Kama sanamu ndiye mhusika, kivuli ndicho kisa chenyewe.

Jua la De Chirico limeinama sana. Tumia digrii 15 juu ya upeo. Kwa pembe hiyo, kivuli kina urefu wa mara 3.7 ya kimo cha kitu. Sanamu ya sentimita 12, iliyopigwa mwanga kutoka kushoto, itatupa kivuli cha sentimita 44, karibu upana mzima wa ubao. Kikitoka nje ya picha, kiache kitoke.

Wasomaji walio karibu na ikweta tuna shida moja hapa. Mombasa au Dar es Salaam, jua la adhuhuri linakuwa juu sana mwaka mzima, na vivuli virefu tunavipata asubuhi na jioni tu, tena vinapita upesi. Ferrara ni tofauti: mwishoni mwa Desemba jua la saa sita mchana halivuki digrii 22, yaani hata adhuhuri kivuli kinazidi kimo cha mtu zaidi ya mara mbili. Mchoraji wa huko anakaa na vivuli virefu siku nzima. Wewe toka nje kama saa moja kabla ya magharibi, siku isiyo na mawingu, simamisha chupa kwenye sakafu ya saruji na uipige picha. Jua linakuwa karibu na hizo digrii 15. Au ndani ya nyumba: kitu kidogo mezani, tochi umbali wa mita moja, kimo cha sentimita 27. Tazama jinsi kivuli cha shingo kinavyojivuta mpaka hakifanani tena na shingo.

Kingo za kivuli ziwe kali kama zilizokatwa kwa wembe. Weka tepu ya karatasi ikibidi. Usififishe.

Halafu panda kosa. Chagua moja kati ya haya: kivuli cha jengo kielekee upande tofauti kidogo na cha sanamu, au saa iliyo ukutani ionyeshe saa nane kasoro wakati vivuli ni vya jioni, au kivuli cha mtu kitokee pembeni bila mtu mwenyewe kuonekana. Hili la mwisho linapendwa sana kwa sababu ya picha ya 1914 ya barabara na binti anayesukuma gurudumu, na kwa sababu hiyohiyo limechakaa. Mimi ningechagua saa.

Hatua ya 5: Rangi

Anza na anga. Karibu na upeo, nyeupe na manjano ya udongo na tone la kijani, iwe kama rangi ya limau lisiloiva vizuri. Panda juu ukiongeza kijani, kisha bluu nzito, mpaka ukingo wa juu uwe mweusi kuliko anga ya mchana inavyostahili kuwa. Hakuna wingu.

Ardhi ni manjano ya udongo na nyeupe, na nyekundu ya tofali kidogo. Ipake tambarare: bila mawe, bila nyasi, bila nyufa. Kuta zenye mwanga ni nyeupe iliyochafuliwa na manjano. Giza la ndani ya matao na vivuli vyote changanya kahawia nzito na bluu nzito. Linatoka giza lenye kijani kwa mbali, lenye uhai kuliko nyeusi ya tyubu.

Sanamu iachie mwisho. Ukweli wa historia ni kwamba sanamu za Kirumi zilipakwa rangi. Ile ya Kaisari Augusto iliyochimbuliwa Prima Porta mwaka 1863 ilikutwa na mabaki ya rangi kwenye nguo na deraya. Weupe tunaouheshimu leo ni kazi ya mvua na udongo. De Chirico hakujisumbua na hilo, na weupe wake si wa marumaru pia: umefifia, hauna mng'ao, ni weupe wa plasta ya jipsamu. Ni zile nakala za plasta ambazo wanafunzi wa vyuo vya sanaa vya Ulaya walilazimishwa kuzichora kwa miaka. Kwa hiyo usichore mishipa ya marumaru wala kupenya kwa mwanga. Tumia rangi tatu tu: nyeupe yenye punje ya manjano, kijivu chenye bluu, na kijivu kizito chenye kijani. Zikutane bila kulainishwa. Penye mviringo, kwenye tumbo au shavu, tumia mistari midogo ya brashi nyembamba iliyolala pamoja. Kisha zungushia mstari mwembamba wa giza sehemu chache: chini ya titi, nyuma ya sikio, palipokatika bega. Pale palipokatika pachore kwa makini kuliko uso.

Hatua ya 6: Kitu kisichohusika

Katika Wimbo wa Mapenzi wa 1914, ulioko makumbusho ya MoMA, New York, kichwa cha Apollo wa Belvedere kimetundikwa ukutani. Kando yake imebanwa glavu ya mpira, chini kuna mpira wa kijani, na treni inapita nyuma. Kwenye picha nyingine kuna artichoki mbili (mboga yenye magamba) mbele ya mzinga wa vita. Vitu hivi havina fumbo la kitabuni. Kinachofanya kazi ni kwamba kila kimoja ni cha kawaida mno, ila havijawahi kukutana.

Ndizi zinahitaji neno lake. Paris ya 1913 ndizi ilikuwa tunda la melini, lililotoka mbali, la manjano kuliko kitu chochote sokoni. Kwa msomaji wa Bukoba ndizi ni chakula cha mchana. Ukiiga ndizi kwa sababu tu De Chirico aliziweka, umeiga umbo na kuacha maana. Tafuta kitu unachokishika kila siku bila kukitazama, chenye ngozi tofauti na jiwe: mpira, plastiki, bati, ganda la tunda. Ndoo ya plastiki nyekundu yenye mpini wa waya inaweza. Simu haifai, inaleta mzaha, na mzaha unaua picha hizi papo hapo.

Kiwe kimoja, viwili mwisho. Kikubwa kuliko kinavyopaswa ukilinganisha na sanamu. Na kichorwe kwa ung'avu kuliko sanamu: weka pale alama ndogo nyeupe ya mng'ao, ambayo marumaru umeinyima.

Hatua ya 7: Punguza

Acha ubao siku mbili, uugeuze uelekee ukuta. Ukirudi, piga picha kwa simu na uondoe rangi: sanamu lazima isomeke kwa nyeupe na nyeusi tu. Kama haisomeki, tatizo liko kwenye kivuli, usiguse uso. Kisha tafuta kitu cha kufuta. Mara nyingi kipo, na mara nyingi ni kile ulichokipenda.

Vanishi iwe ya kufifisha, isiyong'aa. Jina la picha lichukue neno moja zito la hali (fumbo, mashaka, huzuni) na moja la kawaida (mchana, kituo, barabara), kama De Chirico mwenyewe alivyofanya. Na kama unakusudia kuuza, kumbuka kwamba yeye alifariki Roma mwaka 1978, hivyo Ulaya kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2048. Uwanja, mpangilio na kitu kisichohusika viwe vyako. Sanamu ya Mrumi ni ya kila mtu.